Malkia wa Kaloleni na Wimbo Alioukataza

Wapendwa majirani, jamaa na marafiki, wachungaji wetu, na nyinyi mliotoka Pumwani, Makongeni, Bahati, Donholm na kwingineko ili mkae nasi katika ukumbi huu kabla hatujaanza safari ya kwenda Seme, mimi ni Dishon Odongo, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Truphena Adhiambo Odongo, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwita kwa majina hayo, mlimwita Malkia, hata baada ya yeye mwenyewe kuwasihi mwache.

Naomba mnivumilie, kwa sababu historia hii haitafanana na zile tulizozoea kusomewa, na kosa si langu. Mwezi wa nne mwaka huu, akiwa amelazwa, mama aliniita karibu na kitanda, akaniambia, "Dishon, mtu akifa hupambwa. Mimi msinipambe. Soma niliyoyafanya, usome na niliyoyakosa, na wale wasichana uwataje majina." Nilijaribu kumwambia kwamba watu hawaji msibani kusikia hayo, naye akageuza uso akatazama ukuta, na sisi tuliolelewa naye tunajua maana ya mama kutazama ukuta.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1943 huko Seme, karibu na Kisumu, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Zedekiah Owiti, fundi wa boila kwenye karakana ya reli, na Mama Nereah, na dada yake mkubwa aliitwa Elsie. Mwaka 1949 baba yao alipata nyumba hapa Kaloleni akawaleta wote, Truphena akiwa na miaka sita, na alipenda kutusimulia kwamba kilichomshangaza Nairobi hakikuwa magari wala taa, bali wanawake wa makabila mbalimbali, wengine hawasikilizani hata lugha, wakicheza ngoma moja kwenye uwanja ulio mbele ya ukumbi huu, kila kundi na sare zake, na kila kundi na malkia wake. Vijana mlio hapa huenda hamjui, lakini malkia wa ngoma alikuwa malkia kweli, alichaguliwa na wanawake wenzake, akawa na waziri wake na jaji wake, na neno lake ndilo lililoamua kitakachovaliwa, kitakachochezwa na kitakachoimbwa.

Alisoma shule ya msingi papa hapa mtaani, akamaliza darasa la nane mwaka 1958 akiwa na matokeo mazuri, lakini nafasi ya kuendelea haikupatikana, akapelekwa kwa fundi cherehani mmoja wa Jogoo Road kujifunza kushona. Dada yake Elsie wakati huo alikuwa ameolewa, na alikuwa mwimbaji wa kundi la Sindano, lililokuwa kundi la Kaloleni, na jina hilo halikutolewa bure, kwa kuwa miaka ile nyimbo za ngoma zilikuwa za kuchomana, kundi likijibu kundi, mwanamke akitajwa jina lake na jina la mumewe na yale aliyopika jana, na watu wakicheka hadi machozi. Elsie naye alikuwa hodari wa kuchoma. Mwezi wa saba mwaka 1961 kundi la mtaa wa pili lilimjibu kwa wimbo uliosema mtoto aliyembeba mgongoni si wa mumewe, wakautunga vizuri mno, ukawa mtamu, ukashikwa na watoto waendao dukani, ukafika karakana ya reli ambako mumewe alikuwa akifanya kazi. Maneno yale hayakuwa ya kweli. Mumewe alimrudisha kwao na kumnyang'anya mtoto, na tarehe 20 Agosti 1961 Elsie alikutwa ameaga dunia kando ya reli, upande wa Makadara, na familia haikuuliza sana alifikaje pale, kwa kuwa ilijua.

Truphena alikuwa na miaka kumi na minane. Ndiye aliyetumwa kuchukua nguo za dada yake, na alituambia kwamba alipokuwa akirudi nazo, msichana mdogo aliyekuwa akiruka kamba alikuwa akiuimba ule wimbo, bila ubaya wowote, kwa sababu ulikuwa na mwendo mzuri wa kurukia kamba.

Tarehe 5 Desemba 1964 alifunga ndoa kanisani na Bwana Willis Odongo, karani wa reli, mtu mpole aliyezungumza kidogo na kupiga pasi mashati yake mwenyewe, na Mungu aliwajalia watoto wanne, ambao ni dada yetu Clare, aliyezaliwa 1965, mimi, wa 1968, Elsie, aliyepewa jina la shangazi... samahani, la mama mkubwa, mwaka 1972, na kitinda mimba wetu Owiti, aliyetutangulia mbele ya haki mwaka 2004. Kikazi, marehemu alishona kwa watu hadi mwaka 1970, kisha akaweka cherehani yake katika soko la Kariokor, katikati ya mafundi wa ngozi na wale wa viatu vya matairi, na hapo alikaa miaka zaidi ya arobaini, akishona sare za shule, nguo za harusi, na sanda pia, ambazo hakuwahi kuzitangaza.

Sasa nifike kwenye umalkia wake. Aliingia Sindano mwaka 1962, akakaa pale alipokuwa akikaa dada yake, hakuimba sana, aliitikia tu, na mwaka 1971, malkia wa zamani alipozeeka, wanawake walimchagua yeye, naye akamchagua rafiki yake Bi Fatu Zubeiri wa Pumwani awe waziri wake. Siku aliyovishwa taji, ambalo lilikuwa la karatasi ngumu iliyofunikwa kwa kitambaa cha hariri, alisimama mbele ya uwanja akasema kwamba kundi haliitwi Sindano tena, linaitwa Subira, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayetajwa kwenye ngoma, jina lake, mume wake, nyumba yake wala kasoro yake. "Tutaimba yatakayomfanya mtu arudi kwake akiwa mzima," alisema. Wengine walicheka, wakasema ngoma isiyo na mchuzi haitaliwa na mtu.

Ikaliwa. Hapo ndipo nashindwa kueleza vizuri kwa waliozaliwa baadaye, jinsi mwanamke mmoja mwenye cherehani Kariokor alivyoweza kubadilisha namna mitaa mizima ilivyoimba na kuvaa. Aliwavika Subira gauni refu lenye kola nyeupe na skafu nyeupe, akapunguza mwendo wa ngoma, akaagiza wimbo uanze watu wakiwa wameketi, na nyimbo zenyewe zikawa za kumpokea mtoto mchanga, za kumshukuru mama aliyesomesha, za kumfariji mfiwa, za kumuaga anayestaafu reli. Miaka miwili haikuisha, makundi ya Makongeni, Maringo, Bahati na Jericho yakaacha kuchomana, yakashona kola nyeupe, na mafundi wa Kariokor wakawa hawakati gauni la mwanamke bila kuuliza, "Ya Malkia au ya kawaida?" Bendi zilizopiga humu ukumbini wikendi zilianza kuruka beti zenye majina ya watu, kwa kuwa wachezaji walisimama zikifika. Waliochora kuta za vinyozi na hoteli waliacha vikatuni vya mlevi na mke mkali, wakachora maua na mabirika. Hata sisi watoto tulipogombana tulijua kusema "mtu fulani" badala ya jina, na mwalimu akiuliza nani amevunja dirisha, darasa zima lilinyamaza kwa adabu. Watu wa rika langu huiita miaka ile miaka ya Malkia, na huisema kwa huzuni, kwa sababu ilikuwa miaka ya amani, na kwa sababu ya jinsi ilivyoisha.

Mwaka 1984 dada Clare, akiwa amemaliza shule, alipata kazi katika kiwanda kidogo cha kushona maturubai huko Industrial Area, ambacho hakipo tena, na mama ndiye aliyemwombea, kwa kuwa mwenye kiwanda alikuwa akiwaazima Subira maturubai ya kukinga jua siku za sherehe. Mwaka uliofuata Clare alimwingiza rafiki yake Jannat, binti wa Bi Fatu, na Bi Fatu alikubali upesi, akisema, "Penye mtoto wa Malkia, wangu hapotei." Katika kiwanda hicho alikuwa amefanya kazi pia mwanamke aliyeitwa Mwongeli, ambaye wazee mliopo mnamkumbuka, kwa kuwa hakuna sauti iliyopata kuinuka katika uwanja ule kama yake, na ndiye aliyekuwa mwimbaji mkuu wa Subira.

Jumamosi moja mwezi wa kumi na moja mwaka 1985, wakiwa kwenye mazoezi, Mwongeli aliwaletea wimbo mpya. Nilikuwepo, nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nimetumwa kuleta sinia la chai, na ninayokumbuka ni machache, lakini ubeti mmoja ulisema mlango ni mmoja na wanaoingia ni wengi, na ufunguo umelala mfukoni mwa anayekwenda kula chakula cha mchana. Wanawake walianza kuitikia, kisha wakanyamaza mmoja mmoja, wakamtazama mama.

Mama alimuuliza, "Mwongeli, huo mlango ni wa wapi?"

"Ni wa pale nilipokuwa. Wanafunga kwa nje saa za kazi, Malkia, eti tusitoke na uzi. Nyapara anaondoka na ufunguo."

"Unajua desturi yetu. Hatutaji mtu."

"Sijataja mtu," Mwongeli alijibu. "Nimetaja mlango."

Mama akasema maneno ambayo baadaye aliyarudia mbele yetu mara nyingi, kama mtu anayebonyeza jino bovu, alisema, "Mlango una mwenyewe. Ukiutaja, umemtaja. Leo utasema mlango, kesho mwingine atasema kitanda, na tutarudi tulikotoka. Kama kuna neno, mwende mkamwone yule bwana kwa heshima."

"Tulikwenda. Ndiyo maana sipo tena kule."

Mwongeli alimgeukia Bi Fatu, ambaye kama waziri alikuwa na haki ya kumpinga malkia, na Bi Fatu, ambaye binti yake alikuwa ndani ya mlango huohuo siku sita za wiki, alitazama chini akasema, "Malkia ameshasema." Mwongeli alivua skafu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya ngoma, akaondoka, na mazoezi yakaendelea kwa wimbo wa kumpokea mtoto mchanga.

Watu wengi mtaani wamesema kwa miaka mingi kwamba mama alimlinda mwenye kiwanda kwa sababu ya maturubai yake, na sisi watoto tulipigana ngumi shuleni kwa ajili ya neno hilo. Yeye mwenyewe alipoulizwa alisema, "Sikuwa nikimlinda yule bwana. Nilikuwa nikimlinda Elsie." Kisha akaongeza, "Na Elsie alikuwa ameshakufa."

Tarehe 18 Februari 1986, saa nane mchana, nta ya kupaka maturubai ilishika moto katika kiwanda kile. Nyapara alikuwa amekwenda kula. Mafundi wa gereji ya jirani walivunja mlango kwa vyuma vyao na kuwatoa wengi, Mungu awabariki, lakini wasichana watatu walikuwa wamekimbilia upande wa nyuma wakitafuta dirisha, na dirisha lilikuwa na nondo. Majina yao ni Jannat Imran, wa Pumwani, aliyekuwa na miaka ishirini, Josephine Mumbua, wa Mbotela, aliyekuwa na miaka ishirini na minne na aliyeacha mtoto, na Rispa Akoth, wa Makongeni, aliyekuwa na miaka kumi na tisa. Dada yetu Clare hakuwa kazini siku hiyo, alikuwa na malaria, mama alikuwa amemkataza kutoka kitandani, na jambo hilo, ambalo familia nyingine ingelishukuru kanisani, kwetu halikushukuriwa kwa sauti hata siku moja.

Jannat alizikwa siku ya pili yake katika makaburi ya Waislamu ya Kariokor, na jioni hiyo familia zote tatu za wafiwa zilikutana katika ukumbi huu, Subira wakaitwa waimbe, kwa kuwa hapakuwa na msiba wa maana katika mitaa hii ya Eastlands bila Subira kuimba. Waliketi na kola zao nyeupe, wakaimba wimbo wa kufariji, wakaimba wa pili, na wa tatu, zote nzuri, zote za subira, hadi mama yake Rispa aliposimama akauliza, hakupiga kelele, aliuliza tu kama mtu anayetafuta kitu nyumbani, "Na nani atasema kwamba mlango ulikuwa umefungwa?" Wanawake walitazamana. Walikuwa wameimba pamoja kwa miaka kumi na minne na hakukuwa na wimbo hata mmoja ambamo neno kama hilo lingeweza kuingia.

Asubuhi yake mama alikwenda kwa Mwongeli, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Dandora, akamwomba aje auimbe wimbo wake kwenye mazishi ya Josephine na Rispa. Alikwenda na Clare, na Clare ndiye aliyetupa habari hii, kwamba Mwongeli alikuwa akifua, hakuacha kufua, akamwambia, "Mama Clare, ule wimbo ulikuwa wa kuwaambia walio hai. Sasa unataka nimwimbie nani?" Hakumwita Malkia. Mama aliinama akamsaidia kukamua shuka, wakazianika pamoja, akarudi nyumbani kwa miguu.

Uchunguzi ulipofanywa, mwenye kiwanda alisema mlango ulikuwa wazi na wasichana walichanganyikiwa kwa moshi. Wanawake waliofanya kazi pale waliitwa watoe ushahidi, na wengi wao walikuwa Subira au mabinti wa Subira, na inaniwia vigumu kusema hili mbele ya wengine wao, lakini ndivyo ilivyokuwa, waliulizwa nani alifunga, wakajibu kwa upole kwamba wao hawawezi kumtaja mtu. Si kwa woga peke yake. Walikuwa wamefundishwa tangu wakiwa wadogo kwamba mwanamke wa heshima hataji. Mama alikwenda mwenyewe, akasimama, akataja jina la mwenye kiwanda na jina la nyapara, akasema kila alichokisikia kwa Mwongeli, akaambiwa kwamba hakuwahi kufanya kazi pale wala kuuona mlango huo, na Mwongeli alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia, hivyo ushahidi wao haukutosha. Clare pia alisema. Alikuwa peke yake kati ya waliofanya kazi pale, na siku ya moto hakuwepo. Hakuna aliyefungwa, kiwanda kikauzwa, na mwenyewe akahama.

Jumapili tarehe 4 Mei 1986 mama aliwaita Subira uwanjani, akavua taji mbele yao, akasema kwamba sheria yake imekwisha, aimbaye na aimbe anachokijua, na atajaye na ataje. Alitegemea, nadhani, kwamba mtu angesimama. Hakuna aliyesimama. Mmoja wa wazee wao alimjibu kwa adabu kubwa, "Malkia, hayo wewe ndiye uliyetufundisha kwamba ni mabaya," na wiki iliyofuata walikutana bila yeye, wakamchagua mwingine, wakaendelea na kola nyeupe na nyimbo za kumpokea mtoto. Aliweza kukiacha kiti, desturi ikabaki imekikalia. Subira iliendelea hivyo miaka kumi, ikipungua kama sabuni, hadi siku moja mwaka 1996 waliofika mazoezini hawakutosha kuitikiana, wakanywa chai wakaenda zao.

Bi Fatu hakumtukana mama hata mara moja. Alimwambia neno moja tu, siku ya tatu ya msiba, "Tulinyamaza wote wawili, Mama Clare, lakini aliyelala pale ni wangu." Kila mwaka tarehe 18 Februari mama alikuwa akienda Pumwani kumwona, na kila mwaka Bi Fatu alimtolea kiti barazani, akamletea chai na mahamri, wakazungumza habari za bei na mvua, na hakumwambia aingie ndani. Hivyo kwa miaka kumi na saba. Bi Fatu alipofariki mwaka 2003, mama alifika kama kawaida yake, akaketi barazani, na wanawake wa nyumba walipomwambia aingie kwa kuwa mwenye nyumba hayupo tena, alisema, "Hakuniruhusu yeye," akakaa palepale hadi jeneza likatoka.

Baba yetu, Bwana Willis, alituacha tarehe 11 Oktoba 1999. Marehemu aliendelea na cherehani yake hadi mwaka 2012, macho yalipokataa uzi. Miaka hiyo ya mwisho vijana wa mtaa, wakiwemo wajukuu wake, walikuwa wakikaa nje ya dirisha lake wakirekodi nyimbo zao za Sheng kwa simu, na mle hawamwachi mtu, wanamtaja mwizi wa stima anayejiungia umeme wa bure, wanamtaja mwenye ploti anayepandisha kodi, wanamtaja hata jirani, na siku moja nilitoka kuwafukuza nikiwaambia wanamsumbua mgonjwa. Mama aliniita. "Waache," alisema. "Wakikosea nitawaambia wamekosea. Lakini waache." Mjukuu mmoja alimjibu kutoka nje, "Shosh, kwani enzi zenu mlikuwa mnaimba nini?" naye hakumjibu, na huyo kijana yupo hapa leo, na nadhani sasa amejibiwa.

Mwaka 2011 Mwongeli alimtembelea Kariokor, bila kutangulia kutoa habari, wakiwa wazee wote wawili. Mama alimwomba, si kwa mazishi ya mtu yeyote, kwa ajili ya kuusikia tu, amwimbie ule wimbo mzima, kwa kuwa hakuwahi kuusikia hadi mwisho. Mwongeli alifumba macho akajaribu, akaanza, akasimama, akaanza tena. Akasema, "Umenitoka. Nimebaki na mlango na ufunguo, mengine yameondoka." Walikaa pale hadi soko likafungwa. Ninavyojua mimi, hakuna mtu mwingine duniani aliyeujua.

Kuhusu ugonjwa wake, marehemu alipatikana na kisukari mwaka 2009, na mwaka 2019 figo zikaanza kudhoofika, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, akivumilia bila manung'uniko, ingawa alichukia sana kubebwa. Mwezi wa tatu mwaka huu wa 2024 hali ilibadilika, akalazwa, akarudi, akalazwa tena, na asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024, Clare akiwa anamchana nywele, aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Ameacha watoto watatu, wajukuu tisa na vitukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale wa kitengo cha figo waliomzoea hadi wakamgombeza kama mama yao, inawashukuru mafundi wa soko la Kariokor waliofunga vibanda vyao leo, majirani wa Kaloleni ambao hawakuiacha nyumba yetu bila moto jikoni tangu siku ile, wachungaji na wanakwaya, wafanyakazi wenzake Clare na wenzangu, na Mama Mwongeli, ambaye ameketi mstari wa mbele na ambaye ameniambia nisimwombe aseme lolote. Tunazishukuru familia tatu zilizokubali kuja, ilhali hakuna ambaye angezilaumu kama zisingekuja. Jana, tulipokwenda kumtoa mama mochari, mdogo wake Jannat, mwana wa Bi Fatu, tulimkuta tayari amefika, amesimama mlangoni. Hakutoa salamu ndefu. Aliuliza tu kama anaweza kushika upande mmoja wa jeneza, na tulipomwambia upande wowote anaotaka, alichagua kichwani, akabeba hadi kwenye gari, akarudi kazini.

Mama, njia ya Seme, ulikoomba ulazwe kwa wazazi wako, ni ndefu na tutakwenda polepole. Mama Nereah anakungoja, na dada yako Elsie yupo pembeni yake. Lala hapo katikati yao, upumzike.